Maelezo Kuhusu Mwalimu wa Kuogelea Aliyekuja Bila Cheti

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: kazini naitwa Bibi Kufuli, la kwenye kitambulisho afisa ameshaliandika. Umri: miaka 52. Kazi: yaya mkuu, kituo cha kulelea watoto. Makazi: nyuma ya kiwanda cha matofali.

Mnamo Jumanne tarehe 11, saa tatu asubuhi, nilikuwa mlangoni mwa kituo nikiwafunga watoto kamba za viatu. Akaja kijana mwenye filimbi shingoni, akasema yeye ndiye mwalimu mpya wa kuogelea, amekuja kuwachukua. Nikamwomba cheti cha polisi cha tabia njema. Akacheka. Meno mazuri, lakini sikuwa nimeomba meno.

Mwenye kituo akatoka ofisini. "Mama, huyo mdogo wangu. Nimembeba mgongoni."

Nikamjibu, "Ulimbeba akiwa mchanga, bosi. Miaka yote hii mingine kabebwa na nani?"

"Usinifundishe ndugu yangu!"

Ieleweke kwamba mimi nilipoajiriwa nilikaa nyumbani wiki tatu nikingoja cheti hicho hicho, maana sabuni imenila vidole na alama zilikataa kutoka. Bosi huyu huyu aliniambia sheria ni msumeno. Sasa msumeno umefika kwao, umeota kutu.

Kijana akanisukuma, bega likagonga ukuta. Sikutoka mlangoni. Watoto wakaanza kulia, wengine kwa hofu, wengine kwa kuyataka maji.

"Kikongwe wewe! Miaka mitatu nimefundisha watoto kule, hakuna aliyeniuliza makaratasi!"

Bosi, dada yake, akamgeukia. "Kule wapi? Si ulikuwa unauza simu?"

Kijana aliniangalia kwa namna ambayo siiandikishi, kwa kuwa jicho si ushahidi, akaondoka.

Bosi akaniambia nimewadhalilisha, kesho nisirudi. Leo hapo nje ameniomba niseme niliteleza. Sikuteleza.

Afisa ameniuliza kama najua baya lolote la kijana huyo. Sijui. Ndiyo maana niliuliza.

Niliyoyaona ni hayo. Nimesomewa, ni yangu, yasiongezwe wala kupunguzwa.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Afisa: Yamechukuliwa kituo cha polisi Jumatano tarehe 12, saa nne asubuhi. Bega la kushoto limevimba. Shahidi amepewa fomu ya matibabu. Mwenye kituo cha watoto ameulizwa ndugu yake alifundisha wapi. Amesema hajui. Amempigia mbele yangu. Simu imezimwa.