Mjane Aliyezimia Tu

Shabani ndugu yangu,

Hujambo wewe na familia? Huku Takoma Park, Marekani, baridi imenivalisha soksi za shemeji, mbili mbili.

Jana dada Rehema alinipeleka kula tambi kwa bibi mzee wa Kiitaliano ambaye ameajiriwa kumtunza. Kumbe huyo bibi alikuwa mwandishi wa filamu za makauboi! Ila kwenye mabango waliweka jina la mwanamume. Akanionyesha bango moja, na kumbe ni la ile filamu ya mjane mwenye bastola, uliyotutafsiria kwenye banda lako la video pale Morogoro, nawe Kiitaliano hujui hata cha kuombea maji.

Mimi na mdomo wangu nikamsimulia: mjane kapigwa risasi mwishoni, sisi tukaanza kung'oa mabenchi, ukapiga kelele, "Tulieni jamani, kazimia tu! Kesho anafungua hoteli!"

Bibi akaweka uma chini. Rehema akanikanyaga mguu, maana kibarua chake kilikuwa kinaota nyasi.

"Nani kakwambia?" bibi akauliza.

"Rafiki yangu. Mwongo sana."

"Hoteli ni uongo wake. Lakini mimi nilimwandika apone. Aliyemuua ni tajiri aliyegharamia filamu, nikalia wiki nzima."

Kisha akaniongezea tambi, akaniagiza nikuulize hoteli yenyewe iko mji gani, na ina vyumba vingapi.

Jibu upesi, Shabani, kalamu bibi kashaishika. Nakukumbuka sana, na wanao uwabusu mmoja mmoja.

Wako wa benchi la mbele,
Hamisi