Mama Hasemi Hivyo

Mshauri mpendwa, Bi Assia, naomba unisaidie kabla mwezi haujaisha.

Mimi ni mwandishi wa barua sokoni Jabe, nina meza na taipureta, na watu wananisifu kwa Kiswahili safi, basi Mama Dative alipokuja nimwandikie binti yake Christa aliyekimbilia kambini Tanzania, akasema, "Andika: Christa, mi niko muzima. Nyumba iliungua. Apana kulia, we kula," mimi nikaona haya kupeleka maneno kama hayo, nikaandika kwa niaba yake kwamba kwa heshima na taadhima namjulisha afya yangu ni njema isipokuwa makazi yamepatwa na ajali ya moto, kisha nikamsomea mama yale aliyosema yeye, si niliyoandika mimi, na sasa jibu limekuja na liko mfukoni mwangu: "Wewe unayejifanya mama yangu, acha. Mama hasemi hivyo. Kama amekufa, niambieni. Nisipopata neno lake kufikia mwisho wa mwezi, nitamwekea matanga." Mama hajui kusoma, kila Ijumaa anauliza, "Massoudi, mutoto hajajibu?" namwambia barabara zimefungwa, na kwa vita hivi anaamini, ananishukuru, na gari la misaada linalobeba barua linaondoka Jumatatu, nami nikisema kweli nitaaibika mbele ya soko zima, nifanyeje?

Massoudi, Bwiza

Massoudi,

Pole, lakini aibu yako ni ndogo kuliko msiba wa Christa. Anajiandaa kumlilia mtu aliye hai, na wewe unalijua hilo.

Mbona fundi wa nukta umeniandikia kwa pumzi moja? Una hofu, na nimeisikia. Christa naye alitaka kumsikia mama yake. Usiniambie sasa kwamba sarufi ni bure. Koma na nukta humshika mkono msomaji asipotee, hasa aliyechoka kambini. Wewe umezitumia kujipamba.

Usingoje Ijumaa. Nenda leo kwa Mama Dative, msomee jibu lote, umwombe radhi. Akikufokea, nyamaza. Kisha iache mashine, ushike kalamu. Mwambie ataje jambo wanalolijua yeye na Christa tu. Akisema "muzima", andika "muzima". Akivuta pumzi, weka nukta. Akilia, ngoja.

Ukimaliza msomee ulichoandika, na safari hii iwe hichohicho. Akisema, "Ee, ni mi huyo," ipeleke kwenye gari.

Bi Assia