Hajati Anadhani Kichwa Kimeanza Kusahau, Kumbe Barua ya Mti Niliiandika Mimi

Mpendwa Senga Rosalba, shangazi wa wote, naomba unisaidie kabla ya Jumapili, maana nimemfanya mama wa watu ajione mgonjwa.

Mimi ni Mkenya wa Bungoma, naosha magari hapa Kisenyi kwenye uwanja wa Hajati Hindu, mama mwenye nyumba wangu, na juu yetu kuna mvule mkubwa wenye viota vya kaloli, na hao ndege unawajua, Senga, wakubwa kama mbuzi, wananingoja nimalize kung'arisha gari jeupe la mtu ndipo wanalinyea, tena kwenye kioo cha mbele, mteja anafika anauliza, "Hili ndilo umeosha?"

Nikaamua kuomba halmashauri ipunguze matawi, lakini ofisi inataka ombi la mwenye mti lenye muhuri wa mwenyekiti wa mtaa, na Hajati hangekubali hata jani liguswe, kwa sababu mti aliupanda marehemu mumewe mwaka walipooana. Sasa barua zake zote naziandika mimi, yeye anasoma Kiarabu tu, nikimaliza anatia sahihi bila kuuliza, basi siku ya barua ya maji nikaichomeka na ya mti hapo katikati, na nikaogopa watanipuuza, nikaongeza kwamba mti umeoza na utaua watu, na mwenyekiti alipoiona sahihi yake akagonga muhuri.

Nani alijua wana mbio hivyo! Wiki iliyopita maofisa walikuja na rangi nyekundu, wakauchora alama ya X, wakasema Jumatatu unakatwa wote. Hajati akafoka, wakamwonyesha karatasi, akaitazama sana, akasema kwa sauti ndogo, "Sahihi ni yangu. Basi nimeanza kusahau."

Tangu siku hiyo anauliza watu kama ameshaswali, mchuzi anautia chumvi kisha anaulizia kama ametia, na mwanawe Farouk anataka Jumapili amhamishie kwake Mbale, nyumba ifungwe. Juzi aliniambia, "Khisa mwanangu, wewe ndiye una kichwa kizima, uwe unanikumbusha." Nikajibu, "Ndiyo, Hajati." Senga, niseme, au ningoje mti ukatwe mambo yapoe?

Khisa, Kisenyi

SENGA ANAJIBU

Eti mambo yapoe? Banange, Khisa! Kwa habari ya kaloli nakuonea huruma, hata mimi wamewahi kuniharibia gauni langu la gomesi nikienda harusini, lakini huruma yangu inaishia hapo. Mama amekupa uwanja, akakuamini na jina lake, nawe umemwacha aiogope akili yake mwenyewe, tena unaitikia "Ndiyo, Hajati"! Huna haya?

Ungemwambia tu, "Hajati, ndege wananiharibia kazi," labda angekuruhusu tawi moja. Hukumpa hata nafasi ya kukataa.

Sasa sikiliza. Leo hii, ukimaliza kusoma, weka ndoo chini uende. Usianze na ndege, wala usianze kulia. Anza na haya: "Hajati, hukusahau chochote, mimi nilikudanganya." Kisha uyarudie yote mbele ya Farouk, kwa sababu yeye ndiye anayefunga mizigo. Halafu nenda na mwenyekiti ofisini mkafute ombi kabla ya Jumatatu, na uandike kwa jina lako mwenyewe kwamba mti ni mzima na mwongo ni wewe. Watakugombeza, vumilia. Magari yatafutie turubai. Na barua za Hajati sasa ziandikwe na mtu mwingine, na Hajati asomewe mara mbili kabla hajashika kalamu.

Anaweza kukufukuza, ni haki yake. Na akivua kandambili akakurushia, usikwepe. Ikikupata sawasawa, mgeukie Farouk umwulize kama huyo ndiye mgonjwa anayempeleka Mbale.