Jina la Ng'ombe wa Tano

Jumamosi, tarehe 4 Oktoba

Naapa kuandika yote humu, hata ya kuniaibisha. Mwalimu wetu wa Kiswahili alisema tuandike bila kujipaka mafuta. Basi.

Asubuhi nimefua sare, nimechambua mchele, kisha nimekaa na kompyuta. Bado nahamisha nyimbo ninazorekodi kutoka programu ya sauti ya zamani kwenda mpya. Kaka yangu Thierry ndiye aliyeniwekea hii mpya. Anafanya kazi kwenye duka la kuchapisha karatasi huko mtaa wa Asiatique na mambo haya anayajua.

Ya zamani ilikuwa ya kijivu, maandishi yote Kiingereza. Nilijifunza kuitumia kwa kubahatisha, miaka miwili. Kila ulipohifadhi, yenyewe ilitengeneza nakala mpya na kuipa namba: moja, mbili, tatu. Hukuweza kupoteza kitu. Vidole viliizoea, akili ikapumzika.

Hii mpya ni nyeusi na imeandikwa Kifaransa. Nilifurahi, kwa sababu Kifaransa ndilo somo langu. Sasa ndipo napotea zaidi. Mkasi wa kukatia umehamia juu. Sauti ziko pembeni. Wimbo wa kwaya ya vijana ambao zamani ningeumaliza kwa nusu saa, leo umenila asubuhi nzima. Nimekasirika hadi nimelia kidogo.

Thierry anasema nitazoea. Ameniambia pia nifute folda ya zamani, kompyuta imejaa. Nimefuta.

Jumapili, tarehe 5 Oktoba

Leo nimemrekodi Mzee Melchior.

Yeye ni zamu, mlinzi wa nyumba ya jirani, hapa hapa mtaani Ngagara, tangu nikiwa darasa la kwanza. Mchana hukata majani ya ua na kupiga inanga, ile yenye nyuzi nane aliyoichonga mwenyewe. Haimbi kwa sauti. Ananong'ona. Ndivyo inanga inavyoimbwa: nyuzi zinasema wazi na mtu ananong'ona chini yake, hadi ukisikiliza vibaya unadhani ni upepo tu.

Matajiri wake wanahamia Gasenyi na hawamhitaji tena. Kesho anarudi kwao Ruyigi, kwenye mlima wake. Simu hana na hataki hata kuongea kwenye ya mtu. Binti yake, Mama Riziki, anaishi Kigoma. Alivushwa mpaka na shangazi yake wakati wa vita, akiwa na miaka sita. Sasa ameomba kitu kimoja, kwa ujumbe kwenye simu ya Mama: wimbo wa ng'ombe wa baba yake. Walikuwa watano. Wanne nawajua, Mzee huwataja kila siku kama watu wanaomdai salamu: Bihogo, Gaju, Ndongozi, Munezero. Wa tano hamtaji, na ndiye aliyemlea Mama Riziki. Mama yake alikuwa mgonjwa, hakuwa na maziwa, mtoto akanyweshwa maziwa ya ng'ombe huyo. Binti anataka jina lake. Alilisahau njiani.

Nilimwomba Mzee alitaje tu.

"Apana, mutoto. Ile ya tano haiitwake kwa kelele. Inasemwa mu inanga, basi."

Nikapanga kipaza sauti cha Thierry juu ya stuli. Mzee akaitazama kompyuta kwa mashaka.

"Iyi mashini yako, inajua Kirundi?"

"Inasikia lugha zote, Mzee."

"Ehe! Basi imekushinda we mwenyewe. Kirundi chako ni cha mu Buja, kimejaa mafuta na chumvi."

Akavaa koti lake la harusi ili arekodiwe. Nikamwambia haonekani. Akasema hilo si shauri langu.

Dakika sita. Nilikuwa natazama mstari wa kijani unaopima sauti, usipande hadi kwenye nyekundu. Haukupanda. Kazi safi.

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba

Mzee ameondoka alfajiri. Ameniachia kisu chake cha kukatia ua. Sijui nikifanyie nini. Amemwambia Mama, "Yule mutoto wako mukobwa atatuma ile wimbo, mi namujua." Mama amenirudia maneno hayo mara mbili wakati wa chai.

Jumatano, tarehe 8 Oktoba

Nimefanya jambo baya. Naandika polepole ili nisijitetee.

Baada ya shule nilifungua wimbo wa Mzee. Kulikuwa na mvumo chini yake, feni ya kompyuta na pikipiki za barabarani. Programu mpya ina kitufe cha kupunguza kelele. Ya zamani haikuwa nacho. Nikakibonyeza. Nikaongeza nguvu hadi mwisho. Nikasikiliza mwanzo tu, nyuzi peke yake. Nyuzi zilikuwa safi kama zimeoshwa. Nikapiga makofi, peke yangu chumbani.

Kisha nikataka kuongeza makofi yangu chini ya nyuzi. Nikatafuta pa kuanzia kurekodi. Nikaona *Enregistrer*. Nikabonyeza. Ikaniuliza kama nabadilisha kilichopo. Nikajibu ndiyo.

Mimi. Wa kwanza darasani kwa Kifaransa. Najua tangu darasa la nne kwamba neno hilo lina kazi mbili: kurekodi na kuhifadhi. Nilidhani linaniambia la kwanza. Lilikuwa linaniambia la pili.

Umeme ukakatika, nikafunga programu kabla betri haijaisha. Uliporudi nikafungua na kusikiliza hadi mwisho.

Nyuzi zipo. Mzee hayupo.

Mashine imesikia mnong'ono wake ikadhani ni kelele. Imemfuta pamoja na feni na pikipiki. Dakika sita nzima. Hata pumzi haikubaki.

Alhamisi, tarehe 9 Oktoba

Hakuna nakala. Hii mpya haipi namba, inaandika juu ya ile ile. Nilitafuta kila mahali. Kwenye pipa la takataka la kompyuta, hamna.

Thierry amejaribu saa nzima baada ya kazi. Hakunigombeza. Amesema, "We nawe! Mutu anasafisha sahani mpaka anatupa chakula."

Kibaya zaidi si hicho. Nilikuwepo. Nilikaa mita moja kutoka kwake alipolitaja jina, na masikio yangu yalikuwa na vipokea sauti vizuri kabisa. Sikulisikia kwa sababu nilikuwa natazama mstari wa kijani.

Jumamosi, tarehe 11 Oktoba

Mama Riziki ameandika kwenye simu ya Mama. "Mwanangu, habari za huko? Mama yako alisema wimbo wa baba uko tayari. Nasubiri kama mtoto mdogo."

Sikujibu asubuhi. Sikujibu mchana.

Saa tisa niliwasha kompyuta. Nikaweka nyuzi za Mzee. Nikasogeza mdomo karibu na kipaza sauti nikanong'ona. Bihogo. Gaju. Ndongozi. Munezero. Maneno mengine nayakumbuka, nimeyasikia uani miaka kumi. Nilishangaa jinsi ilivyo rahisi. Mnong'ono hauna umri. Hauna hata mwanamume na mwanamke. Ni hewa tu.

Nilipofika kwa wa tano nikasema Keza. Limetoka kichwani mwangu. Ni zuri, linafaa ng'ombe. Niliwaza kwamba si uongo mkubwa. Niliwaza pia kwamba programu mpya sasa naiweza, vidole havikukosea hata mara moja. Nilijisifu. Naliandika hili kwa sababu niliapa.

Nikatuma.

Jumapili, tarehe 12 Oktoba

Mama Riziki amejibu wakati tuko kanisani. Mama amenisomea njiani, kwa sauti, anatabasamu.

"Mungu akubariki, mwanangu. Nimelia. Sauti ya baba haijabadilika hata kidogo. Keza! Nilikuwa nalo kwenye ulimi miaka yote hii."

Nimeshindwa kula.

Jumanne, tarehe 14 Oktoba

Ametuma video. Watoto wake watatu wanazunguka uani huko Kigoma, wanapiga kelele, "Keza! Keza!" Mdogo anatembea kwa mikono na magoti, yeye ndiye ng'ombe.

Nimeitazama mara nne. Siwezi kuitazama tena.

Jina ambalo Mzee hakutaka litajwe kwa kelele, mimi nimewapa lingine la kupigia kelele. Na Mama Riziki amesema alikuwa nalo kwenye ulimi. Nimeliondoa la kweli lililokuwa linakuja nikaweka langu mahali pake. Nimefanya kilekile ilichofanya mashine. Tofauti ni kwamba mashine haikujua.

Alhamisi, tarehe 16 Oktoba

Nimemwambia Mama. Alikuwa anapepeta maharage. Hakuacha kupepeta.

"Kwa hiyo ile sauti niliyoisoma barabarani nikicheka, ilikuwa ni weye?"

"Ni mimi, Mama."

"Simu iko pale."

Basi. Afadhali angenipiga.

Sikuandika ujumbe. Nilipiga. Niliogopa kwamba nikiandika nitayapanga maneno vizuri. Mama Riziki aliitikia kwa furaha, akaniuliza habari za nyumbani, za shule, za mvua. Nilizijibu zote. Halafu nikamwambia: kitufe, *Enregistrer*, nyuzi, mdomo wangu, jina nililolitunga.

Niliwasikia watoto nyuma yake.

Akasema, "Ile sauti ilikuwa yako?"

Nikasema ndiyo, shikamoo, samahani, vyote pamoja. Hata sijui kwa nini nilisema shikamoo.

"Ningekujua vipi," akasema. Hakuniuliza mimi. "Mimi mwenyewe sauti yake siijui. Nilitaka tu kuijua." Kisha, "Usinipigie mpaka uwe na jina." Akakata.

Watoto walikuwa wanasema nini nyuma yake, sikusikia vizuri. Naogopa najua.

Ijumaa, tarehe 17 Oktoba

Thierry ameuliza kama anirudishie programu ya zamani. Nimekataa. Ya zamani ilinilinda, kwa hiyo sikujifunza kulinda. Nitabaki na hii. Nimeandika karatasi nikaibandika juu ya kioo cha kompyuta: nakala kwanza, kelele baadaye. Na chini yake: sikiliza mpaka mwisho.

Ule wimbo wa uongo nimeufuta. Nyuzi za Mzee nimezitunza, nakala tatu, moja kwa Thierry, moja kwa Mama. Nimezisikiliza mara nyingi leo. Kuna mahali, dakika ya nne na kitu, nyuzi zinatulia, kisha anagusa uzi wa chini mara mbili. Nadhani ni hapo. Nadhani hapo ndipo alipomtaja. Nafasi ya jina imebaki na jina limetoka.

Jumamosi, tarehe 18 Oktoba

Mvua tangu asubuhi. Nyumba ya jirani ina kufuli. Ua umeanza kuchipuka ovyo, nimeukata upande wetu kwa kisu cha Mzee.

Hamisi, dereva wa basi la Ruyigi, anaondoka kesho. Anakijua kilima cha Mzee na anamjua mpwa wake anayejua kusoma na kuandika. Amekubali kuchukua barua na kungoja jibu. Nimeandika mara tatu. Hii ndiyo nitakayompa. Nainakili hapa ili iwe na nakala.

"Mzee Melchior, shikamoo. Natumaini umefika salama na koti halikulowa. Wimbo wako nimeupoteza. Haukuibwa wala mashine haikuharibika. Ni mimi niliyebonyeza nisichokisoma. Uliniuliza kama mashine inajua Kirundi nikakujibu kwa kiburi. Ilisikia nyuzi, wewe haikukusikia. Baya zaidi, nilinong'ona mahali pako nikamtumia binti yako, akaamini. Nimempa jina la uongo. Nimeshamwambia ukweli. Amekasirika, na ana haki.

Likizo ya Desemba Mama ataniruhusu kuja. Nitakuja na kipaza sauti ukikubali, na safari hii sitatazama kioo. Usipokubali nitakaa tu nisikilize.

Lakini Desemba ni mbali, na huko Kigoma watoto wanaita jina nililolitunga mimi. Najua halisemwi kwa kelele. Mwambie mpwa wako sikioni, aliandike, afunge karatasi, ampe Hamisi huyuhuyu. Sitalisoma kwa sauti. Nitaliandika nilitume lilivyo. Mzee, yule ng'ombe wa tano aliitwa nani?"