Chumba cha Maadi

Baba mpendwa,

Amani ya Mungu iwe juu yako na juu ya wote waliomo nyumbani. Naomba karatasi hii ikukute mzima, sukari imeshuka na goti halikusumbui kwenye ngazi. Mama aliniambia umeanza tena kutembea hadi mferejini baada ya swala ya alasiri, nikafurahi. Mimi ni mzima. Kazi ya meno ya bandia haiishi hapa Cairo, na mkuu wa karakana sasa ananipa yale ya mbele, ambayo hampi mtu mwenye mkono unaotetemeka.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu wewe husema, mimi huitikia. Safari hii nataka niseme hadi mwisho.

Unakumbuka nilivyotoka kwa mama mdogo Sawsan kule Shubra. Hakunifukuza. Mwanawe Bassem alikuwa anaoa, na chumba nilichokuwa nalala kilitakiwa kwa bibi harusi. Nikaanza kutafuta mahali pangu, nikijua mshahara wangu unatosha, nikidhani hilo ndilo nitakaloulizwa. Hakuna aliyeliuliza. Mtaa wa Faisal mwenye nyumba alinionyesha jiko, bafu na roshani, kisha akataka kujua mume wangu anafika lini. Nilipomwambia sina, alizima taa ya jikoni nami bado nimesimama ndani. Kule Dokki bawabu aliniambia jengo lao ni la familia tu. Nikamjibu kwamba hata mimi nina familia. Akamwita mwenzake aje asikie: "Njoo umwone huyu dada, ni familia ya mtu mmoja." Wakacheka hadi nikafika barabarani.

Dalali mmoja alinishauri nivae pete na kusema mume yuko Kuwait. "Utapata nyumba leo leo, bibie," alisema, "na mume wa Kuwait hana usumbufu." Nilikataa. Nilikusimulia jioni ile ile, ukanisifu, ukasema binti yako hahitaji kudanganya ili apate pa kulala. Maneno hayo yalinipa nguvu, sikufichi.

Ndipo nikapata Maadi. Ni vyumba viwili vidogo ghorofa ya juu kabisa, dirisha linatazama miti ya barabarani, na kituo cha metro hakiko mbali. Mwenye nyumba, Bi Aida, alikuwa mwalimu wa muziki kabla ya kustaafu. Aliniuliza kama nalala mapema na kama napenda paka, basi. Nikamwambia wazi kwamba sijaolewa. Akasema, "Hata mimi niliolewa nimechelewa, mwanangu, na sikufa." Tukapeana mikono, akaniambia nije Alhamisi na mizigo.

Nilikupigia nikiwa bado niko kwenye ngazi zake. Ulinipongeza. Ukaniomba namba ya Bi Aida ili umshukuru kama baba, nami nikakutumia, nikiona fahari kuwa na baba wa namna hiyo.

Alhamisi nilifika na masanduku. Bawabu hakunifungulia lango. Alisema bibi amebadili mawazo, na hakunitazama usoni alipokuwa akisema. Nilikaa juu ya sanduku la vyombo kando ya barabara hadi Bassem aliponijia na gari la rafiki yake, amekasirika kwa sababu ilikuwa juma la harusi yake. Nilikupigia nikilia. Ukasema, "Pole, mwanangu, halikuwa fungu lako," kisha ukasema unamfahamu mtu anayemfahamu mjane mmoja kule Mji wa Sita Oktoba, mwanamke wa heshima.

Hivyo nikaenda kwa Bi Inayat. Mji wa Sita Oktoba uko mbali sana na kazi yangu. Jioni nilikuwa nafika nimechoka hata kula siwezi, na majengo ya jirani nusu yake hayana watu. Lango lilikuwa linafungwa mapema. Wageni hawakuruhusiwa, hata mama mdogo Sawsan alisimamishwa chini hadi aonyeshe kitambulisho. Nilivumilia. Nilijiambia kwamba nimechagua mwenyewe.

Bi Inayat hasikii vizuri, kwa hiyo simu yake husema kwa sauti kubwa. Ijumaa moja, watu wametoka msikitini, nilipika mahashi, mboga zilizojazwa wali, nikampelekea sahani. Mlango wake ulikuwa wazi kidogo. Nikasikia sauti yako.

Uliuliza, "Jana amerudi saa ngapi?"

"Mapema, Ustadh. Kabla sijafunga lango. Amevaa lile koti la kijani."

"Peke yake?"

"Peke yake. Anaongea na simu kidogo, nadhani na wenzake wa kazini."

"Endelea kumwangalia. Huyu bila jicho atatupotea."

Niliweka sahani kwenye ngazi, nikapanda juu.

Kesho yake nilikwenda Maadi. Nilitaka kujua jambo moja tu. Bi Aida alinifungulia mwenyewe, akaona haya, akaniingiza, akanipa chai ambayo sikuinywa. Mwishowe alisema, "Baba yako alinipigia, mwanangu. Aliniambia umetoroka nyumbani kwa sababu ya mwanaume, na kwamba ukileta aibu kwenye nyumba yangu nisije nikasema sikuonywa. Ni mzee mwenye sauti ya heshima. Nilimwamini."

Baba, wale wa Faisal na Dokki walinikataa bila kunijua. Wewe unanijua. Miaka yote nililinda jina lako, sikucheka kwa sauti njiani, sikupokea hata kikombe cha kahawa kutoka kwa mtu. Jina langu umelichafua wewe, kwa mgeni, kwa simu, ili nisilale ghorofa ya juu Maadi. Kaka Tamer alipohamia Alexandria ulimbebea begi, hukuuliza hata jirani yake ni nani. Bi Aida aliomba msamaha, akasema vyumba vimeshapata mtu.

Nimehama kwa Bi Inayat. Usimlaumu, alilia nilipomkabidhi ufunguo. Niliko sasa ni mwisho wa reli, chumba kimoja, ukuta una unyevu, na dirisha linatazama ukuta mwingine. Sitakuandikia mtaa. Mwenye nyumba ni mama mpole. Aliuliza lile ambalo wote huuliza: baba yako yuko wapi, na ana habari? Nilimwambia baba yangu alifariki. Aliinua mikono yake pale pale mlangoni, akakuombea rehema na kaburi pana, nami nikaitikia amina.

Msalimie Mama, umwambie nitampigia kila Ijumaa ukiwa msikitini. Mwambie Tamer nimeipata picha ya mtoto, amechukua paji la uso la kwetu. Wasalimie majirani wote wa ghorofa ya chini. Usiache dawa ya asubuhi, na goti ulifunge kitambaa cha sufu, baridi inakuja.

Ni mimi bintiyo,
Rabab