Uso wa Padri Nyuma ya Sketi

Mama Vahwere, pokea salamu zangu kutoka Mudzipela. Kila Jumatano nakusikia redioni ukiwasema watu nami nacheka, leo zamu yangu imefika, nisaidie haraka kwa sababu mwenzangu anahamisha mashine yake Jumamosi hii.

Mimi ni mshonaji, nafanya kazi na Godelive katika atelie moja ndogo, mwaka wa saba sasa, yeye anakata na mimi nashona, na ndiye aliyenifundisha kazi nilipokimbia kutoka Fataki na watoto wawili bila hata sindano, hilo sitalisahau. Basi mama wa korali wakatuletea kikwembe, yaani kitenge, cha jubilei ya padri wao, kile chenye picha yake akitabasamu, na kila mshonaji anajua uso wa mtu unawekwa kifuani au mgongoni, lakini siku hiyo Godelive alikata sketi kumi na mbili kwa mpigo, na mimi nilikuwa nimemnunia toka asubuhi kwa sababu alisifia kazi ya mshonaji mwingine mbele yangu, nikaona kabla hajakata kwamba chaki yake imepita mahali pabaya, nikanyamaza, nikashona tu.

Walipokuja kujaribu, mama Annette, prezidante wa korali, akajigeuza mbele ya kioo akasema, "Padri iko ku nyuma yangu na iko anacheka. Sasa mimi nitaikala ku kiti namna gani?" Wenzake walicheka mpaka machozi, yeye hakucheka hata kidogo, nami ili nijiokoe nikasema mbele ya wote, "Ni Godelive alikataka. Macho yake haiko tena muzuri." Godelive akavua mita yake ya kupimia shingoni, akaiweka mezani, akatoka. Siku hizi anakuja, hanisalimii, chai nikimmiminia inapoa, na jana akasema tu, "Siku ya posho nabeba mashine yangu," ndiyo hiyo Jumamosi. Jubilei ni Jumapili ijayo na sketi bado ziko vilevile. Mama, kosa ni lake, mbona mimi ndiye nimekosa raha? Nampenda, sitaki aende.

Micheline

Micheline, nimecheka peke yangu hapa mezani, padri wa watu anisamehe. Sasa nimemaliza kucheka, sikiliza.

Unasema kosa ni lake. Soma tena barua yako, dada. Chaki uliiona. Mdomo ulikuwa nao. Ukaona afadhali sketi kumi na mbili ziharibike kuliko wewe kuacha kununa, halafu ukamtupia mzigo wote mbele ya wateja, ukayatukana hata macho yake. Fundi aliyekushika mkono wakati huna sindano unamwita kipofu? Hapo umenikasirisha. Ndiyo maana huna raha, na ni vizuri hivyo, maana yake moyo wako bado mzima.

Usimtumie ujumbe wa simu, wala usimtume mtu. Leo hii nenda kwake mtaa wa Rwambuzi kwa miguu yako, umwite yaya, dada yako mkubwa, umwambie, "Yaya Godelive, niliona chaki, nikanyamaza. Kosa ni ya siye wawili. Unisamehe." Usiongeze "lakini". Kisha muulize namna ya kuokoa zile sketi. Mimi sikufundishi, hata kifungo nikikishona kinakaa upande, ila mkataji wa miaka yote hiyo anajua mabaki ya kikwembe yanaweza kufanya nini. Mwite mama Annette, uyarudie maneno hayohayo mbele yake na mbele ya wale waliocheka, kwa sauti ileile uliyomtia aibu nayo. Na kuanzia sasa, makasi yasiguse kikwembe kabla nyote wawili hamjaangalia chaki, mmenuniana au hamjanuniana.

Na akikataa? Anaweza kukataa, umemuumiza. Usilie, usimzuie mlangoni. Jumamosi amka mapema, umsaidie kuibeba hiyo mashine, yeye upande huu na wewe upande ule, mpaka kwake, bila kukodi pikipiki. Ni nzito, mtapumzika mara nyingi njiani, na mahali fulani mmoja wenu atamkumbuka yule padri. Shika upande mzito, Micheline, na usiwe wa kwanza kucheka.