Nyuma ya mugongo ya Mama Zawadi

Bon, Aline mujukuu wangu, simu ilikatika pale tulikuwa tunafika ku marathoni. Hapa Gisenyi tuko wazima, babu yako anakusalimia, na mbuzi imezaa.

Uliniuliza, juu we na dada yako hamusemezani, mi na Mama Zawadi tulirudilana namna gani, tukapatana tena. Tuligombania nafasi ya kuuzisha vitunguu, mwaka muzima hakuna bonjour. Basi mwisho wa miaka ya tisini marathoni ikakuja pembeni ya ziwa Kivu, tukaingia mu mbio kila mutu kwake, na sisi wawili tukabakia nyuma kabisa. Upepo ya ziwa ikanisukuma mpaka nikasimama, nikasema naacha. Yeye akakuja kusimama mbele yangu.

"Ingia nyuma ya mugongo yangu, we mukaidi! Mbele kule utanikingia upepo na we."

Ni vile wachuuzi tunapitaka barrière, pale ku mupaka, siku ya upepo: mumoja mbele, mwingine nyuma, tunabadilishana.

Tulikimbia vile mpaka mwisho, tukakuta watu walisharudi kwao. Lakini mudomo yangu, ayiwe, ilifunguka, mpaka leo haijafunga!

Ngoja, Mama Zawadi iko ananiita pa mulango: "Bado unaandika? Kuja twende barrière, upepo imeanza, na leo ni zamu yako ya mbele!"